Rezo ikiondoka, inakwenda wapi?

Maneno tuliyosoma mbele ya wakaaji wa kartie Mulongwe, mji wa Uvira

Baba na mama, wazee wetu wa kartie, wanafunzi, wavuvi na wanamotari, wandugu wapendwa,

Asanteni kwa kuacha kazi zenu za mangaribi na kuja kutusikiliza. Leo hatukuja kuwaita kwa maandamano. Tumekuja kuzungumuza juu ya kitu chenye wengi wetu hatujakiona hata siku moja, lakini tunakingoja kila siku: waya wa mwanga, ule wanaouita fibre optiki.

Mama mmoja wa Kalundu, muuza ndagala, njo alitufungulia mazungumuzo haya. Mnunuzi wake wa Bukavu alimwambia pesa iko njiani kwa simu. Saa ile ile rezo ikaondoka. Mama akangoja saa moja, akangoja saa tatu, mpaka giza ikaingia. Mwenye pirogi alitaka malipo yake, dereva wa lori akachoka, akaenda bila mzigo. Usiku mvua ikanyesha. Kesho yake pesa iliingia, lakini nusu ya ndagala zilikuwa zimeoza. Akatuuliza: «Nyinyi vijana munasoma sana. Rezo ikiondoka, inakwenda wapi? Na ikirudi, inatokea wapi?»

Tuliona haya. Kati yetu hakuna aliyeweza kujibu, na sisi njo tunaoshinda na simu mkononi. Basi tukaenda kusoma. Haya tunayowasomea ni jibu lake yule mama, na ni jibu la sisi wote.

Mwanga unaokubali kufuata njia

Hadithi inaanza kando ya ziwa, sawa na hapa kwetu. Mwaka 1826, katika ziwa la Geneva, inchi ya Uswisi, kijana Daniel Colladon na mwenzake Charles Sturm walipima mbio ya sauti ndani ya maji. Kengele ilipigwa chini ya maji upande mmoja wa ziwa, na upande wa pili sikio likangoja. Miaka 15 baadaye, mwaka 1841, Colladon huyo huyo alitaka kuwaonyesha watu namna maji yanavyoruka kutoka kwenye tundu la chombo. Aliingiza mwanga ndani ya maji yale. Watu wakashangaa: mwanga haukwenda moja kwa moja kama kawaida yake. Ulipinda pamoja na maji mpaka kule yalikoanguka.

Watoto wetu wanaoogelea ziwani wanaijua siri hii bila kusoma. Ukizama, ukifungua macho na kutazama juu kwa upande, haumuoni mtu anayesimama ufukweni. Uso wa maji unakuwa kama kioo cha kujitazamia. Mwanga wenye uko ndani ya maji, ukigonga ule uso kwa upande, hautoki; unarudishwa ndani. Fibre ni jambo hilo hilo. Ni uzi wa kioo, mwembamba karibu sawa na unywele wa kichwa, na katikati yake kuna njia ndogo zaidi. Kioo cha katikati na kioo kinachokizunguka havifanani kabisa, kwa hiyo mwanga ukigonga ukuta unarudishwa ndani, tena na tena, mpaka mwisho wa waya. Mwanga huo unawaka na kuzima mara nyingi sana katika sekunde moja, na kule kuwaka na kuzima njo maneno yetu, picha zetu na pesa ya yule mama.

Lakini kati ya maji ya Colladon na simu yetu ilipita zaidi ya miaka 100. Mwaka 1880, Alexander Graham Bell, yule wa telefone, alifanya chombo cha kutuma sauti kwa mwanga wa jua unaopita hewani. Ilifaulu, lakini wingu, mvua na ukungu vilitosha kumnyamazisha. Mwaka 1954, Harold Hopkins na Narinder Singh Kapany, mzaliwa wa India, walionyesha kwamba kifungu cha nyuzi za kioo kinaweza kubeba picha. Waganga wakafurahi, maana kwa njia hiyo waliweza kutazama tumbo la mgonjwa bila kulipasua. Mwaka 1960, huko Marekani, Theodore Maiman aliwasha laser ya kwanza, mwanga wenye nguvu unaokwenda kwa utaratibu. Sasa taa ilikuwepo na uzi ulikuwepo. Kitu kimoja kilibaki kigumu: kioo kilikuwa kinakula mwanga.

Uchafu ndani ya kioo

Tunawaomba musikilize vizuri sehemu hii, sababu njo moyo wa maneno yetu.

Katika miaka ile, ukiingiza mwanga ndani ya kioo kizuri cha kawaida, baada ya mita 20 tu unabaki na sehemu 1 kwa 100. Mita 20 ni kutoka mlango wa nyumba mpaka kwa jirani. Wataalamu wengi walisema: basi, kioo ni kioo, hakifai kwa safari ndefu.

Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai, alikuwa anafanya kazi katika maabara moja ya Harlow, Uingereza. Mwaka 1966, yeye na mwenzake George Hockham waliandika jambo lingine. Walisema: haiko kosa la kioo. Kinachokula mwanga ni uchafu uliochanganyika na kioo, chembe ndogo za chuma na vitu vingine. Ondoeni uchafu, na mwanga utapita. Kao aliweka na kipimo: siku mtakapopata uzi unaobakisha 1 kwa 100 baada ya kilomita 1, mutaweza kuutumia kwa telefone.

Watu hawakumuamini mara moja. Lakini mwaka 1970, katika kampuni ya Corning huko Marekani, Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz walipata uzi uliopita kipimo kile. Kazi ya kusafisha kioo iliendelea. Leo fibre nzuri inafikisha ile 1 kwa 100 baada ya kilomita 100, kupita njia yote ya kutoka hapa Uvira mpaka Baraka. Kutoka mita 20, kwenda kilomita 1, kwenda kilomita 100. Tena tangu mwaka 1987 kuna chombo cha kuutia mwanga nguvu mpya njiani bila kuugeuza kwanza kuwa umeme, kazi iliyofanywa na kundi la David Payne huko Southampton na wengine. Mwaka 2009 Kao alipewa tuzo ya Nobel.

Mwaka 1956, waya wa kwanza wa telefone chini ya bahari ya Atlantiki, wa shaba, ulibeba mazungumuzo 36 kwa mara moja. Mwaka 1988, waya wa kwanza wa mwanga katika bahari hiyo, TAT-8, ulibeba karibu 40,000. Hiyo njo tofauti.

Kutoka bahari mpaka kwetu

Sasa tuje kwetu. Kwa muda mrefu, Afrika ya mashariki yote ilipata intaneti kwa sahani za setilaiti. Wazee wanakumbuka zile sahani kubwa nyeupe kwenye nyua za mashirika, na bei ya saa moja kwenye siber. Setilaiti ya namna ile iko juu karibu kilomita 36,000. Neno lako linapanda kule, linashuka, jibu linapanda tena, linashuka tena. Njo maana watu walikuwa wanaongea na kukatizana.

Mwaka 2009 waya wa SEACOM na waya wa TEAMS zilifika kwenye pwani ya Bahari ya Hindi. Mwaka 2010 ukafuata EASSy. Mombasa na Dar es Salaam zikawa milango. Kutoka pale Tanzania ilijenga mkongo wake wa taifa, ambao ulifika hata Kigoma, kwenye ziwa letu hili hili. Burundi, ambayo haina bahari kama sisi wa Kivu, iliunganisha waya wake na Tanzania na Rwanda. Usiku tukisimama ufukweni tunaona taa za Bujumbura kwa macho yetu.

Na Kongo? Inchi yetu iko na mlango wake baharini, Muanda, upande wa Atlantiki. Waya wa WACS ulizinduliwa pale mwaka 2013. Tulifurahi, na ilikuwa haki kufurahi. Lakini mutazame ramani. Kutoka Uvira mpaka Muanda, kwa mstari wa ndege, ni karibu kilomita 1,900, na katikati kuna pori, mito na barabara ambazo munazijua. Kutoka Uvira mpaka Bahari ya Hindi ni karibu kilomita 1,200. Ndani ya kioo mwanga unakimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa mwanga, safari yetu mpaka Mombasa ni kitu cha sehemu 6 za sekunde iliyokatwa mara 1,000. Kufumba jicho ni muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo, wandugu, tukubaliane: haiko kosa la umbali. Haiko kosa la ziwa wala la milima. Wenye elimu walikwisha kusafisha kioo tangu mwaka 1970. Kinachobaki kula mwanga wetu ni uchafu wa namna nyingine, na ule hauko ndani ya kioo.

Jibu la yule mama

Mama, rezo haikwenda mahali. Simu yako inaongea na antene kwa mawimbi ya hewa, na antene ile ilikuwa bado imesimama mlimani. Lakini nyuma ya kila antene kuna njia ya kupeleka maneno mbele. Njia hiyo inaweza kuwa mawimbi yanayorushwa kutoka mlima mmoja mpaka mwingine, au sahani ya setilaiti, au waya wa mwanga. Njia ikiwa moja tu, na ile moja ikikatika, simu yako inaonyesha antene lakini hakuna kinachopita. Ni kama Nasiyonali 5: daraja moja likivunjika, magari yanabaki mazima, barabara inabaki barabara, lakini hakuna anayefika.

Na sisi wa Uvira tunajua madaraja. Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mito yetu ilishuka na mawe, ikaua wandugu zetu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mwaka 2024 ziwa lilipanda, likaingia kwenye nyumba na kwenye bandari ya Kalundu. Siku kama zile, familia inatafuta mtoto, mganga anatafuta dawa, kila mtu anataka kujua mto umefika wapi. Hapa kwetu kolera haiishi. Habari ikichelewa siku moja, watu wanazikwa. Hapa hapa mjini tuko na kituo cha utafiti wa maji, CRH, ambacho kimechunguza ziwa hili tangu miaka ya 1950. Elimu iko. Kuifikisha kwa mama wa kartie saa ile ile njo tatizo.

Ukiongeza vita vya mashariki yetu, utaelewa sababu hatusemi kwamba rezo ni mchezo wa vijana. Mtu anayekimbia na watoto anataka kujua njia gani iko salama.

Mkono unaofunga mlango

Kuna uchafu mwingine ambao hautoki kwa mvua. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, SMS zilikatwa katika Kongo yote. Januari 2015, wakati raia walikataa mabadiliko ya sheria ya uchaguzi, intaneti ikakatwa. Mwisho wa 2017, siku ya maandamano ya Wakatoliki, ikakatwa tena. Kutoka 31 Desemba 2018 mpaka 19 Januari 2019, tukingoja matokeo ya kura zetu wenyewe, inchi nzima ilikaa bila intaneti siku karibu 20. Siku zile zote kioo kilikuwa safi. Ni mkono wa mtu uliofunga mlango.

Tunakumbusha na jambo la kututia nguvu. Mwaka 2020 ilikuja ile ada ya RAM, iliyokata inite zetu kimya kimya. Raia walilalamika, wanafunzi walilalamika, hata bungeni ikazungumuzwa. Mwaka 2022 ikaondolewa. Kwa hiyo tusiseme kwamba sauti ya mtu mdogo haifiki.

Tunachoomba

Katiba yetu ya 2006, kwenye kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Kwa haki hiyo tunaomba mambo matano, kwa serikali ya Kinshasa, kwa jimbo la Kivu ya Kusini, kwa wakubwa wa mji na kwa kampuni zote za simu:

1. Ramani. Raia ajue fibre inapita wapi, ni ya nani, na ni nani anapashwa kuitengeneza ikikatika. Ibandikwe kwenye ofisi ya meya, kwa lugha tunayosikia.

2. Kuchimba mara moja. Kila barabara au mfereji wa maji utakaotengenezwa, mabomba matupu ya kupitisha fibre yalazwe saa ile ile. Kuchimba njo kunakula pesa nyingi kuliko uzi wenyewe. Hatutaki barabara ileile ipasuliwe mara tatu.

3. Njia mbili. Mvuvi hatoki ziwani na kasia moja. Njia moja ipite bonde la Ruzizi na Burundi, nyingine ishuke kusini, kuelekea Baraka na Kalemie. Serikali ya Tanzania imekwisha tangaza mpango wa kulaza waya chini ya ziwa, kati ya Kigoma na Kalemie. Tunaomba wakubwa wetu wasikae kimya: waseme sehemu ya Uvira katika mpango ule ni gani.

4. Hospitali, shule na CRH kwanza. Mahali fibre inapofika, wa kwanza kuunganishwa asiwe mwenye pesa peke yake.

5. Mlango usifungwe. Hakuna uchaguzi, hakuna maandamano, hakuna matatizo ambayo yanampa mtu ruhusa ya kuzima inchi nzima.

Na sisi tufanye nini?

Hatutaki kuwa watu wa kuomba tu. Kuna uchafu mwingine unaotoka kwetu, tuuseme bila kufichana. Kuna vijana wanaokata nyaya wakifikiri ndani kuna shaba ya kuuza. Wandugu, ndani ya fibre hamuna shaba. Kuna kioo, na hakuna mtu wa kukinunua. Ukikata uzi ule, haupati hata franga ya mkate, lakini umekata pesa ya mama yako na habari ya mgonjwa wako. Tena kila mara tunapotupa takataka kwenye mifereji, tunaiita mvua ije kufukua kila kitu chenye kiko chini ya barabara. Salongo ya kusafisha mifereji ni kazi ya fibre pia.

Kuanzia juma hili, kila kartie itakuwa na daftari moja. Rezo ikiondoka, kijana mmoja ataandika siku, saa, na kampuni gani. Ikirudi, ataandika tena. Kila mwisho wa mwezi tutajumlisha na kusoma hadharani, hapa hapa, na nakala tutaipeleka kwa meya na kwa ARPTC, ofisi ya serikali inayochunga mambo ya simu. Haihitaji mega, haihitaji umeme. Inahitaji kalamu na mtu asiyesema uongo. Mkubwa akituambia kwamba rezo yetu ni nzuri, tutafungua daftari.

Yule mama wa Kalundu amekwisha kubali kuchunga daftari la kwanza. Hakusoma sana, anasema, lakini kuhesabu anajua, na saa alizopoteza anazikumbuka moja moja.

Kao hakupigana na kioo. Aliuliza tu: ni nini hasa kinachokula mwanga? Kisha wengine wakashika kazi, wakasafisha miaka na miaka. Sisi hapa Uvira tumeuliza swali lile lile. Sasa kazi ya kusafisha ianze.

Wenye maulizo wasimame, na wenye kutaka kuchunga daftari waandike majina yao mlangoni kabla ya kutoka.

Sisi vijana wa vuguvugu la raia, Uvira